Mmemkata msimuliaji: barua ya wazi kwa uongozi wa kituo chetu cha televisheni

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
na Mkuu wa Idara ya Vipindi.

YAH: FILAMU YA "300" NA MANENO "KISA CHA KWELI"

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, naomba nijitambulishe. Mimi ni mwalimu wa Historia katika skuli moja ya sekondari hapa Unguja, na ni mtazamaji wenu wa siku nyingi. Taarifa yenu ya habari ya saa mbili usiku hainipiti ila umeme ukatike.

Hii ni barua yangu ya tatu kwenu. Ya kwanza niliileta kwa mkono. Dada wa mapokezi akaipokea kwa heshima, akaigonga muhuri, akanipa nakala na kunambia nitapigiwa simu. Ya pili niliituma kwa barua pepe baada ya miezi minne, nikajibiwa na mashine kwamba ujumbe wangu umepokelewa. Nikapiga simu mwenyewe. Kijana mmoja wa vipindi, mpole kabisa, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Lakini mwalimu, si filamu tu ile?" Idd iliyopita mkairusha tena, saa tisa alasiri, na tangazo lilelile la "Kisa cha kweli". Ndipo nikaamua yaliyoshindikana chemba niyalete barazani.

Nianze kwa kuungama: filamu yenyewe naipenda. Kwa asiyeijua, ni habari za Leonidas, mfalme wa Sparta huko Ugiriki ya kale, na askari wake mia tatu, wakipambana pale Thermopylae na jeshi la Xerxes, mfalme wa Uajemi (Iran ya leo). Niliiona mara ya kwanza kwa DVD ya kukodi, mwaka mmoja baada ya kutoka, tukiwa watu wanane mbele ya televisheni ya inchi kumi na nne. Zack Snyder aliipiga karibu yote ndani ya studio kule Montreal, waigizaji wakicheza mbele ya kitambaa cha buluu, kisha majabali, bahari na lile anga la rangi ya shaba vikatiwa kwa kompyuta. Picha nyingi amezifuata kama zilivyo kwenye kitabu cha michoro cha Frank Miller na Lynn Varley cha mwaka 1998. Ule mwendo wa Leonidas anaposonga mbele peke yake, mkuki ukicheleweshwa hewani kisha ukaachiwa, ulitunyamazisha sote wanane, na miongoni mwetu mlikuwamo wasemaji. Kwa hiyo asitokee mtu akasema mwalimu anataka filamu ifungiwe. Sitaki. Ninalolalamikia ni namna mnavyotuonyesha, na yale niliyoyaona kwa watazamaji wenu kila mnapoirusha. Nimeyatia namba ili msipate tabu kuyajibu.

1. Mmemkata msimuliaji

Hili ndilo kubwa. Kama hamna nafasi ya kusoma mengine, someni hili.

Filamu ile ina mtu anayeisimulia. Anaitwa Dilios, askari wa Sparta aliyepoteza jicho vitani, ambaye Leonidas anamrudisha kwao kabla ya siku ya mwisho ili akawahadithie wenzao. Sauti yake inaanza na utoto wa Leonidas na haituachi. Na mwisho wa filamu ndio ufunguo wake: tunakuja kuonyeshwa kwamba muda wote huo Dilios alikuwa akizungumza na askari huko Plataea, mwaka mmoja baadaye, vita vingine vikiwa mlangoni, anawapandisha mori. Kwa hiyo tuliyoyaona kwa karibu saa mbili ni maneno ya ofisa anayewatia watu ari ya kwenda kuua na kufa. Ndiyo maana Xerxes ana urefu wa mtu na nusu, faru ni mkubwa kama lori la mchanga, na mnyongaji ana mapanga mahali pa mikono. Mwongozaji mwenyewe aliwahi kueleza kwamba Dilios ni mtu anayejua kutoiharibu hadithi nzuri kwa ukweli.

Kwetu hadithi ina mlango. Bibi akisema "Paukwa!", na sisi tukaitikia "Pakawa!", hata mtoto wa miaka minne anajua kwamba kuanzia hapo sungura atasema na fisi atavaa kanzu, na asubuhi hatokwenda shamba kumtafuta sungura huyo. Dilios ni paukwa ya filamu ile.

Sasa tazameni mlichofanya. Kwanza, mtafsiri wenu anazungumza juu ya sauti ya Dilios bila kututajia kwamba kuna mtu anayesema. Hatusikii "Dilios anasimulia" hata mara moja. Tunasikia "Waajemi walikuwa majitu yasiyo na huruma", kwa sauti ileile inayotusomea matangazo ya vifo. Pili, mara zote tatu nilizokaa na saa mkononi, filamu ilikatwa pale Leonidas anapolala chini kati ya mishale. Ikaja sabuni ya unga, ikaja mitandao ya simu, ikaja taarifa ya habari. Plataea haikuonekana kabisa. Tatu, juu ya mlango mkatundika kibao: "Kisa cha kweli". Kwa mikato hiyo mitatu ngano imegeuka ushahidi.

Sina ugomvi na kazi ya kutafsiri filamu. Imewafikishia sinema watu ambao Kiingereza kiliwafungia nje, na mtafsiri wenu ana kipaji: alivyomfanya Xerxes azungumze kama dalali wa Darajani, nilicheka mpaka machozi. Lakini mtu mwenye kipaji hicho ndiye wa kuambiwa amwache Dilios aonekane.

Na kama mnataka kisa cha kweli cha askari wa Sparta mwenye maradhi ya macho aliyerudi nyumbani, kipo, na kinauma kuliko cha filamu. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anasema walikuwa wawili, Eurytus na Aristodemus, wote macho yamewavimba. Eurytus alimwamuru mtumwa wake amwongoze mpaka vitani, akajitosa asione kitu, akafa. Aristodemus akarudi Sparta. Huko hakuna aliyempa hata moto wa kuwashia jiko wala aliyemsemesha, wakamwita Mtetemaji. Mwaka uliofuata, Plataea, alipigana kama mwehu mpaka akauawa, na Wasparta wakakataa kumpa heshima ya mashujaa kwa sababu, walisema, alikuwa akikitafuta kifo. Mtu huyo ndiye filamu imempa kazi ya kusimulia ushujaa. Ningeweza kufundisha juu ya hilo peke yake muhula mzima.

2. Kisima

Kila aliyeiona anakijua kipande hiki. Mjumbe wa Xerxes, mtu mweusi, anafika Sparta kudai udongo na maji, alama ya kusalimu amri. Analalamika kwamba anayoyafanya Leonidas ni wazimu. Leonidas anapiga ukelele kwamba hii ni Sparta, na kwa teke la kifua anamtumbukiza kisimani. Hapo ndipo sebule zinapolipuka. Nimeshuhudia kwa jirani, nimeshuhudia kwa shemeji yangu, nimeshuhudia kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira. Watu wazima wanasimama. Wiki ya baada ya Idd, kwenye uwanja wa skuli yetu, mtoto wa Kidato cha Kwanza alipigwa teke akaangukia mtaro wa maji ya mvua, wenziwe wakipiga kelele "Hii ni Sparta!" Alitoka na magoti yaliyochunika na kiatu kimoja.

Nilipowauliza darasani kwa nini mjumbe yule alistahili, wakajibu: alikuja na vitisho. Nikawauliza: na ile "mjumbe hauawi" mliifundishwa na nani? Kimya.

Mheshimiwa, Wasparta wenyewe walilijua jambo hilo. Wajumbe waliotupwa kisimani walikuwapo kweli, lakini ilikuwa zama za Darius, baba yake Xerxes, kabla ya vita vya Marathon vya mwaka 490 KK. Athens waliwatupa wao shimoni, Sparta wakawatupa wao kisimani, wakiwaambia wajichotee humo udongo na maji ya kumpelekea mfalme. Xerxes alipokuja kutuma wajumbe wake Ugiriki, kwenye miji hiyo miwili hakutuma mtu, kwa sababu ya kisa hicho. Kwa hiyo Leonidas hakuwa na mjumbe wa Xerxes wa kumpiga teke.

Sehemu iliyobaki ndiyo niliyotamani watoto waijue. Herodotus anasimulia kwamba baada ya mauaji yale Wasparta walikuwa kila wakichinja kafara wanapata ishara mbaya. Wakaona wana deni. Wakaitisha mikutano, wakauliza: nani yuko tayari kufa kwa ajili ya Sparta? Wakajitokeza wawili, Sperthias na Bulis, watu wa ukoo na mali. Wakasafiri mpaka Susa, kwenye mji wa mfalme, wakakataa kumsujudia, wakamwambia: tumeletwa tulipe roho za wajumbe wako waliouawa kwetu. Xerxes akawajibu kwamba hatakuwa kama Wasparta, walioivunja sheria ya watu wote kwa kuua wajumbe, na kile anachowalaumu kwacho hatakifanya yeye. Akawaacha warudi kwao wazima.

Simpambi Xerxes. Aliichoma Athens, na Herodotus huyohuyo anasema baada ya Thermopylae aliamuru kichwa cha Leonidas kikatwe na kutungikwa. Lakini kwenye mizani ya mjumbe hauawi, aliyeshinda ni yeye. Aliyetuhifadhia habari hiyo ni Mgiriki, mzaliwa wa Halicarnassus, akiandika kwa ajili ya Wagiriki.

3. Uajemi

Hapa naomba mnistahamilie kidogo, kwa sababu linanigusa.

Mwaka juzi, mwezi wa Julai, mchana mlikuwa Makunduchi. Mliturushia Mwaka Kogwa moja kwa moja: wanaume wakipigana kwa mapande ya migomba, kibanda cha makuti kikichomwa, wanawake wakiimba na kanga zao mpya. Mtangazaji wenu alieleza vizuri sana kwamba asili ya sherehe hii ni Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi. Nilimpongeza peke yangu sebuleni. Usiku wa siku ileile mkaweka "300", na Waajemi wakawa majini yenye meno ya kuchonga, wasio na nyuso chini ya vinyago, na mfalme wao kanyolewa kipara, katobolewa minyororo ya dhahabu mwili mzima.

Asubuhi yake msichana wa Kidato cha Pili akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Mwalimu, hawa ndio wale wa Shirazi waliojenga Kizimkazi?"

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Wapo wanahistoria wanaosema habari za Washirazi zilikuzwa na watu waliotaka nasaba, na nimewafundisha wanafunzi wangu hilo pia. Lakini mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa karne nyingi nyuma katika miji ya pwani yetu: upande wa mama wengi ni Waafrika, na upande wa baba damu ya Uajemi imejaa. Lugha tuliyoandikia barua hii imebeba bandari, nahodha, dirisha na serikali kutoka kwao. Hata chama kilichoingia madarakani kwa Mapinduzi ya 1964 kilijiita Afro-Shirazi. Kwa Mmarekani wa Ohio, Mwajemi wa filamu ile ni adui wa mbali asiye na sura. Kwa mtoto wa Makunduchi huenda ni babu.

Mfalme wa Uajemi, kwa mujibu wa sanamu zilizochongwa Persepolis, mji wa kifalme wa Waajemi, alikuwa na ndevu ndefu zilizosukwa na joho lililomfika miguuni. Kwa hali hiyo angeweza kukaa baraza yoyote ya Mji Mkongwe na hakuna ambaye angeshtuka.

Kuhusu watu weusi kuwamo katika jeshi la Xerxes, hapo sina neno. Walikuwamo. Herodotus anawataja Waethiopia waliovaa ngozi za chui na simba, wenye pinde ndefu za mti wa mtende, nusu ya mwili wamejipaka chokaa na nusu rangi nyekundu. Ningependa sana kuwaona watu hao kwenye filamu kama alivyowaeleza. Nilichokiona ni weusi kufanywa rangi ya uovu, na aliyepewa maneno mengi kati yao, mwigizaji mzaliwa wa Ghana, anaishia kisimani.

4. Uhuru wa nani?

Neno uhuru linatajwa kwenye filamu ile kama adhana. Dilios anamaliza hotuba yake kwa kujigamba kwamba Wasparta elfu kumi wanaongoza Wagiriki huru elfu thelathini. Herodotus anatupa hesabu ya Plataea: katika hao elfu kumi, raia kamili wa Sparta walikuwa 5,000, na kila mmoja alikuwa na mahelot saba, jumla 35,000. Helot alikuwa mtwana wa dola: ardhi ilikuwa ya babu zake, akailima kwa ajili ya bwana. Kila mwaka maephori wa Sparta waliwatangazia mahelot vita rasmi, ili kumuua mmoja wao isihesabiwe kuwa najisi. Maephori hao, ambao filamu imewafanya wazee wenye ukoma wanaokaa mlimani na kupokea rushwa, walikuwa watu watano waliochaguliwa na raia kwa mwaka mmoja mmoja.

Naandikia umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Watu 35,000 wamefutwa kwenye hotuba ya uhuru, na sisi wa hapa tunapiga makofi.

Wapo na wengine waliofutwa. Siku ya mwisho Leonidas hakubaki na mia tatu peke yao. Watu 700 wa mji mdogo wa Thespiae walikataa kuondoka wakafa pamoja naye, na hawakuwa askari wa kulelewa vitani tangu utotoni. Wagiriki wenyewe walichelewa kuwakumbuka: mnara wa Leonidas pale Thermopylae ni wa mwaka 1955, wa Wathespia ni wa 1997.

5. Mwenye kibiongo

Nina mwanafunzi mwenye kibiongo. Tangu Idd wanamwita Efialti, yaani Ephialtes, msaliti mwenye kibiongo wa filamu ile. Ephialtes wa kweli alikuwa mtu wa nchi ya Malis aliyewaonyesha Waajemi njia ya mlimani kwa kutarajia zawadi. Juu ya mgongo wake Herodotus hasemi lolote. Mgongo umeongezwa na wachoraji. Mwanafunzi huyo sasa anakaa dawati la nyuma kabisa, karibu na mlango.

6. Saa tisa alasiri

Siku ya Idd. Watoto wamekaa na nguo zao mpya. Vichwa vinaruka. Sidhani kama nina haja ya kuendelea.

Najua mtakayonijibu, kwa sababu mengine nimeshajibiwa kwenye simu.

Mtasema ni burudani tu. Burudani hamkuiandikia "kisa cha kweli". Mngeandika "burudani" mimi ningekuwa nimelala. Halafu wanafunzi wangu hawana kitabu cha Ugiriki ya kale. Silabasi ina mengine ya kuwashughulisha, na ni haki yake. Kwa hiyo juu ya Sparta na Uajemi kitabu chao ni nyinyi, mpende msipende.

Mtasema filamu mmeinunua kama ilivyo, hamna ruhusa ya kuigusa. Mkasi mnao na mnautumia. Kile kipande cha Leonidas na mkewe chumbani hatujakiona hata siku moja, na sikilalamikii. Aliyeweza kukata pale anaweza kutokata Plataea.

Mtasema nimebeba ajenda ya serikali ya Iran. Hili alinambia mtu mmoja wa karibu na kituo chenu, kwa utani, lakini utani wa hivyo una mguu. Ni kweli kwamba filamu ilipotoka Marekani tarehe 9 Machi 2007, siku chache tu kabla ya Nairuzi yao ya Machi, maofisa wa Tehran waliilaani na kuiita vita vya kisaikolojia, na ujumbe wao Umoja wa Mataifa ukalalamika. Lakini walalamikaji walikuwa pia maelfu ya Wairani walio nje, wakiwamo wasioipenda serikali hiyo, na wasomi wa historia ya Ugiriki katika vyuo vya Magharibi ambao hawana nasaba yoyote na Uajemi. Mtu akimvalisha babu yako pembe, huhitaji kutumwa na serikali ili useme babu hakuwa na pembe.

Na mtasema, kubwa kuliko yote, kwamba watazamaji wanaipenda. Watazamaji gani? Kwenye tamasha la filamu la Berlin, Februari 2007, waandishi wa habari walioionyeshwa kwanza wengine walizomea na wengine wakatoka. Umma ulioiona baadaye kwenye tamasha lilelile ukasimama kupiga makofi. Marekani iliingiza zaidi ya dola milioni 70 katika siku tatu za mwanzo, filamu ambayo gharama yake ilikuwa kama milioni 65. Ugiriki kumbi zilijaa, na wahakiki wa hukohuko wakaiponda. Tehran watu waliinunua kwa magendo ili waone wanatukanwaje. Filamu ni moja, na kila sebule inaiona yake. Kwa hiyo mnaponiambia watazamaji wanaipenda, nataka kujua kama mmewahi kuwauliza wameona nini, maana mimi nimewauliza wangu arobaini na wawili wa Kidato cha Pili, na thelathini na zaidi wameniandikia kwamba Waajemi wa kale walikuwa na faru wa vita.

Wapo watazamaji wengine ninaowafikiria kila mnaporusha filamu hii. Mwaka 472 KK, miaka minane tu baada ya Thermopylae na baada ya Athens kuchomwa moto, Aeschylus, mtunzi wa tamthilia wa Athens, alipeleka jukwaani tamthilia iitwayo Waajemi. Yeye mwenyewe alikuwa amepigana Marathon. Aliyegharamia onyesho hilo alikuwa kijana Pericles, aliyekuja kuwa kiongozi wa Athens. Waliokaa kuitazama ni watu walionusurika, wenye ndugu waliokufa na nyumba walizozijenga upya. Akawapeleka Susa, nyumbani kwa adui. Akawaonyesha mama yake Xerxes akingojea habari za mwanawe, wazee wakitaja majina ya waliokufa mmoja mmoja, Xerxes akirudi na nguo zilizochanika. Majini hayakuwamo. Ilikuwamo kiburi, na ilikuwamo mama anayesubiri. Watu wa Athens wakampa zawadi ya kwanza. Mimi na nyinyi, ambao Xerxes hajatuchomea hata kibanda, tunaambiwa hatuwezi kustahamili adui mwenye uso.

Maombi yangu ni haya:

(a) Maneno "Kisa cha kweli" yaondolewe kwenye tangazo na mwanzoni mwa filamu. Mkitaka, andikeni "Hadithi iliyotokana na vita vya Thermopylae, mwaka 480 KK".

(b) Filamu irushwe mpaka mwisho wake, Plataea ikiwamo, na mtafsiri aambiwe kila sauti ya Dilios inapoingia atutajie kwamba ni Dilios anayesimulia. Akipenda aanze na paukwa, mimi nitaitikia.

(c) Isirushwe kabla ya saa nne usiku, na isirushwe siku ya Idd.

(d) Baada ya filamu mtupe nusu saa ya mazungumzo. Waleteni walimu wa Chuo Kikuu, mleteni mzee mmoja wa Makunduchi, na wapeni simu watazamaji waulize. Mnafanya hivyo kila wiki kwa mpira, na mpira hauna maswali mengi hivi.

(e) Nijibiwe kwa maandishi, hata kama jibu ni hapana.

Sidai fidia, wala radhi. Kwa (d) niko tayari kuja bila malipo, na nauli ya daladala ninayo.

Nimesikia filamu imo tena kwenye ratiba ya Sikukuu ijayo. Ningeomba jibu lije kabla ya hapo. Nakala za barua zangu mbili za mwanzo, moja ikiwa na muhuri wa mapokezi yenu, nimeziambatanisha.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa Historia,
Unguja.

Nakala: Mtafsiri wa filamu, kwa heshima zote.
Nakala: Wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili, ubao wa matangazo.